Jinsi mwani unavyobadili salfa majini, na kwa nini yanawahusu wakazi wa Kisii na Nyamira

HARUFU ya bahari anayoisikia msafiri anapofika Mombasa, na uvundo wa mayai viza unaopanda ufukweni mwa Ghuba ya Winam maji yanapogeuka kijani, vina asili moja. Vyote viwili hutokana na salfa iliyopitia katika miili ya mimea midogo ya majini iitwayo mwani.

Kwa mkazi wa Kisii au Nyamira, jambo hili laweza kuonekana la mbali. Kaunti hizi mbili hazina ufuo wa bahari wala wa ziwa. Hata hivyo, karibu maji yote yanayotiririka kutoka vilima vyake huishia katika Ziwa Victoria, na samaki anayeuzwa katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii aghalabu ametoka katika maji hayo hayo.

Makala haya yanaeleza mwani ni nini, unavyoichukua na kuiachilia salfa, tofauti iliyopo baina ya bahari na ziwa, na jinsi udongo na mbolea ya nyanda za juu vinavyoingia katika kisa hiki.

Mwani na mchanuo wake

Mwani ni jina la jumla la viumbe vya majini vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea ya nchi kavu. Baadhi yake ni mkubwa, kama ule unaolimwa na akina mama wa Zanzibar na wa Kibuyuni huko Kwale. Mwingine ni mdogo kiasi kwamba hauonekani ila kwa hadubini, nao huelea majini kwa mamilioni.

Katika kundi hilo la pili wamo pia sianobakteria. Kisayansi hawa ni bakteria, si mimea, lakini kwa kuwa wana rangi ya kijani na huishi kwa mwanga wa jua, watu wengi huwaita mwani wa kijani-buluu. Ndio wanaotawala katika maji ya Winam.

Mchanuo wa mwani hutokea pale viumbe hivi vinapopata chakula kingi, joto na mwanga kwa wakati mmoja, vikazaliana kwa kasi hadi maji yakabadilika rangi. Chakula chenyewe hasa ni fosforasi na nitrojeni. Maji yakitulia, mwani huo hupanda juu na kutanda kama rangi ya kijani iliyomwagwa kutoka koponi.

Mchanuo haudumu. Chakula kikiisha au hali ya hewa ikibadilika, mwani hufa kwa wingi, huzama na kuoza. Katika kisa cha salfa, kufa kwa mwani kuna uzito sawa na kukua kwake.

Sura nne za salfa

Salfa ni elementi ya lazima kwa kila kiumbe. Imo katika asidi amino mbili, sisteini na methionini, ambazo ni miongoni mwa matofali yanayojenga protini. Mwani hauwezi kuishi bila salfa, kama vile mahindi, ng'ombe na binadamu wasivyoweza.

Majini, salfa huonekana katika sura nne kuu. Ya kwanza ni salfati, ambayo ni salfa iliyoungana na oksijeni. Hii haina harufu, na ndiyo mwani huichukua kutoka majini.

Ya pili ni salfa iliyofungwa ndani ya mwili wa kiumbe, katika protini na kemikali nyinginezo. Ya tatu ni gesi za salfa zenye kaboni, kama vile dimethili salfaidi. Ya nne ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye uvundo wa mayai viza, ambayo kwa wingi ni sumu.

Mchanuo wa mwani ni kama kinu kinachoigeuza salfa kutoka sura moja hadi nyingine. Unapokua hunyonya salfati na kuifunga mwilini. Unapokufa, salfa hiyo hutoka ikiwa katika umbo jingine kabisa, na umbo hilo hutegemea iwapo maji yana oksijeni au la.

Baharini: kutoka mwani hadi mawinguni

Maji ya bahari yana salfati tele, takriban gramu 2.7 katika kila lita. Kwa sababu hiyo mwani wa baharini hauna uhaba wa salfa hata kidogo, na aina nyingi zake huitumia kwa kazi ambayo mwani wa maji baridi hauihitaji sana.

Kiumbe anayeishi katika maji ya chumvi hukabiliwa na tatizo la kupotewa na maji mwilini. Ili kujikinga, aina nyingi za mwani hutengeneza kemikali yenye salfa ijulikanayo kwa kifupi kama DMSP. Kemikali hiyo huusaidia mwani kuhimili chumvi, na yadhaniwa kwamba huukinga pia dhidi ya jua kali na baridi.

Si mwani wote unaoitengeneza kwa kiwango kimoja. Aina za jamii ya Phaeocystis, ile iitwayo Emiliania huxleyi, na nyingi za kundi la dinoflajeleti huwa nayo kwa wingi. Jamii ya diatomu, yenye maganda ya silika, kwa kawaida huwa na kidogo. Ndiyo maana michanuo miwili yenye ukubwa sawa yaweza kutoa viwango tofauti mno vya salfa.

Seli ya mwani inapopasuka, kwa kuliwa na wadudu wa majini, kushambuliwa na virusi au kufa kwa uzee, DMSP humwagika majini. Vimeng'enya vya mwani wenyewe na vya bakteria huivunja, na sehemu yake huwa dimethili salfaidi. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wameitambua jeni ya mwani inayotengeneza kimeng'enya kimojawapo kati ya hivyo katika Emiliania huxleyi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya salfa hiyo haifiki hewani. Bakteria huila wakiwa majini na kuitumia kujenga miili yao, au huigeuza kuwa gesi nyingine iitwayo methanethioli. Kile kidogo kinachosalia ndicho hupanda hewani na kuipa bahari harufu yake.

Kidogo hicho, kikijumlishwa kwa bahari zote za dunia, si haba. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliweka kiasi cha salfa kinachopanda kwa njia hii kuwa takriban tani milioni 28 kwa mwaka. Hicho ndicho chanzo kikuu cha asili cha salfa ya hewani kinachotokana na viumbe hai.

Mwanasayansi Mwingereza James Lovelock ndiye aliyetangulia kuipima gesi hii baharini na kueleza uzito wake, katika taarifa aliyoichapisha pamoja na wenzake mwaka 1972. Mwaka 1987 yeye, Robert Charlson, Meinrat Andreae na Stephen Warren walitoa nadharia kwamba gesi hiyo hugeuka hewani kuwa chembe za salfati, chembe hizo huwa viini vya matone ya mawingu, na mawingu hayo huipunguzia dunia joto.

Kwamba chembe hizo husaidia kuunda mawingu ni jambo linalokubaliwa. Ama dai kwamba mwani huidhibiti hali ya hewa ya dunia nzima kwa njia hiyo, limepingwa kwa nguvu na wataalamu wengi tangu mwaka 2011, kwa kuwa bahari ina vyanzo vingine vya viini vya mawingu, ikiwemo chumvi yenyewe inayorushwa na mawimbi.

Pwani: pale oksijeni inapokwisha

Karibu na pwani mambo huwa mazito zaidi. Mito huleta mbolea na majitaka, maji ni machache kina, na mwani ukifa hauna pa kuzama mbali. Huangukia tope la chini na kuanza kuoza papo hapo.

Bakteria waozeshao hutumia oksijeni. Ikiisha, hutafuta kitu kingine cha kupumulia. Kwanza hutumia nitrati, kisha madini ya manganizi na chuma, halafu salfati. Wale wanaopumua salfati hutoa haidrojeni salfaidi, na kwa kuwa bahari imejaa salfati, kazi yao haikwami kwa kukosa malighafi.

Mfano mkubwa kabisa barani Afrika uko Namibia. Huko maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka vilindini, mwani huchanua kupita kiasi na kuzama, na tope la chini hujaa haidrojeni salfaidi. Mara kwa mara gesi hiyo hufumuka na kufika juu, maji huwa na weupe wa maziwa unaoonekana hata kwa setilaiti, na samaki na kamba hufa au kukimbilia ufukweni.

Ni katika tope hilo la Namibia ambamo mwaka 1997 iligunduliwa bakteria kubwa iitwayo Thiomargarita namibiensis, inayoweza kuonekana kwa macho matupu. Huishi kwa kuila haidrojeni salfaidi, na hivyo hupunguza sumu kabla haijafika majini.

Nchini Ufaransa, katika fukwe za Bretagne, mwani mkubwa wa kijani unaolishwa na mbolea ya mashambani hurundikana na kuoza. Mwezi wa Julai 2009 farasi mmoja alikufa papo hapo baada ya kukwama katika rundo hilo, naye aliyempanda akapoteza fahamu. Kisa hicho kiliwazindua Wafaransa kuhusu gesi inayotoka chini ya tabaka la juu la mwani uliokauka.

Eneo letu halikusalimika. Mwanzoni mwa mwaka 2002 mchanuo wenye madhara ulitokea katika maji ya Kiunga, kaskazini mwa pwani ya Kenya, na kuelekea Somalia, na samaki wengi wakafa. Nchini Omani na jirani zake, mchanuo wa mwaka 2008 na 2009 uliua samaki na kulazimisha baadhi ya mitambo ya kusafisha maji ya bahari kufungwa kwa muda.

Ziwani: salfati haba, swali la kale

Ziwa Victoria ni kinyume cha bahari. Salfati yake huhesabiwa kwa miligramu chache tu katika lita, yaani ni mamia ya mara pungufu kuliko ya bahari. Uhaba huo uliwashughulisha wataalamu miongo mingi kabla ya neno mazingira kuzoeleka magazetini.

Mwaka 1953 R. S. A. Beauchamp, aliyekuwa mkurugenzi wa Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki huko Jinja, Uganda, alichapisha makala kuhusu salfati katika maji ya bara la Afrika. Aliona kwamba uhaba wa salfati huenda ndio unaozuia mwani, na kwa hiyo samaki, kuongezeka ziwani.

Mwaka 1958 mwanakemia P. R. Hesse alifuata kwa vipimo vya salfa katika tope, maji na mimea ya ziwa hilo. Kazi yake ilionyesha jinsi salfa inavyonaswa katika tope la chini badala ya kurudi majini. Kwa maneno mengine, ziwa lilikuwa na salfa, lakini imefungiwa ghalani.

Miongo ilivyopita, swali likageuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na John Lehman na Donn Branstrator uliupima mzunguko wa fosfeti na wa salfati ziwani, na matokeo yakaelekeza macho mbali na salfati. Kufikia wakati huo tatizo la ziwa halikuwa tena uhaba wa mwani bali wingi wake, na chakula kilichochochea wingi huo kilikuwa fosforasi na nitrojeni.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Kati ya miaka ya 1960 na ya 1990 uzalishaji wa mwani ziwani uliongezeka takriban maradufu, maji yakapoteza uwazi wake, na sianobakteria wakachukua nafasi ya diatomu zilizotawala zamani. Vilindi vya ziwa vikaanza kukosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi kila mwaka.

Winam: maji machache kina, mzigo mkubwa

Ghuba ya Winam ni mkono wa ziwa unaoingia Kenya hadi Kisumu. Ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 1,400, na wastani wa kina chake hauzidi mita 10. Huungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga.

Njia ya pili ya maji, kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, ilizibwa na tuta lililojengwa miaka ya 1980, hadi daraja lilipojengwa mahali pake katika miaka ya 2010. Ghuba isiyobadilishana maji kwa wepesi na ziwa kuu huhifadhi kila inacholetewa na mito.

Kati ya mwaka 1984 na 1987 vifo vikubwa vya samaki vilitokea katika ghuba hiyo. Mtafiti Peter Ochumba wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) aliviandika na kuvihusisha na upungufu wa oksijeni pamoja na michanuo ya mwani. Mbuta, ambaye huhitaji oksijeni nyingi, alikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi.

Hali kama hiyo ilirejea kwa sura mpya mwezi wa Novemba 2022, pale wafugaji wa samaki katika vizimba walipoamka na kukuta ngege wao wameelea. Samaki wa porini huweza kukimbia maji mabaya. Aliye kizimbani hana pa kwenda.

Je, salfa ina nafasi gani hapo? Kwa kuwa salfati ya ziwa ni haba, haidrojeni salfaidi haiwezi kufikia viwango vya Namibia. Katika tope la maji baridi, salfati ikiisha mapema, kazi ya kuozesha huchukuliwa na viumbe vinavyotoa gesi ya methani. Mapovu mengi yanayopanda kutoka tope la Winam ni ya gesi hiyo isiyo na harufu.

Lakini mwani wenyewe hubeba salfa mwilini. Mchanuo mzito unapooza ufukweni, protini zake huvunjika na methionini hutoa methanethioli, dimethili disalfaidi na dimethili trisalfaidi. Gesi hizi hazihitaji salfati ya majini. Huzaliwa na mzoga wa mwani. Ndizo zinazoleta harufu ya kabeji iliyooza, na pua ya binadamu huitambua ile ya mwisho hata ikiwa sehemu chache mno katika bilioni ya maji.

Onyo kubwa lilitoka China. Mwishoni mwa Mei 2007 mchanuo wa sianobakteria ulioza karibu na mfereji wa kuvutia maji katika ziwa Taihu, ziwa ambalo wastani wa kina chake ni takriban mita 2. Maji yakawa meusi yenye uvundo, na wakazi wapatao milioni mbili wa mji wa Wuxi wakakosa maji ya kunywa kwa siku kadhaa. Uchunguzi ulimtaja dimethili trisalfaidi kuwa mshukiwa mkuu wa uvundo huo.

Winam si Taihu, lakini zinafanana kwa mambo matatu: kina kifupi, sianobakteria wengi, na mji mkubwa unaovuta maji yake kutoka humo humo.

Mchango wa Kisii na Nyamira

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Maji yanayoteremka zaidi ya nusu kilomita katika masafa mafupi huwa na nguvu, na nguvu hiyo hubeba udongo.

Mto Gucha, ambao Waluo huuita Kuja, huanzia katika nyanda za juu za Nyamira na Kisii, hupita Ogembo, huungana na Mto Migori na kuingia ziwa kuu kupitia Nyatike. Mto Sondu hukusanya vijito vya mashariki na kaskazini mwa Nyamira kabla ya kuingia Winam. Awach Kibuon na Awach Tende nazo hubeba maji ya miteremko ya Gusii hadi upande wa Kendu Bay na Homa Bay.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kisii ilikuwa na wakazi 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kisii pekee ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa hadi kingo za mito, na mvua ya eneo hili hupita milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi. Ardhi haipumziki, na mvua haichoki.

Tuchukue mfano wa mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP. Ndani yake mna takriban kilo 9 za nitrojeni na kilo 10 za fosforasi. Kilo moja ya fosforasi ikifika ziwani yaweza kulisha mamia ya kilo za mwani mbichi. Kwa hivyo mbolea inayosombwa na mvua ni hasara mara mbili: mkulima amepoteza pesa zake, na mvuvi amepata mchanuo.

Hapa salfa inaingia tena kwa mlango wa nyuma. Udongo mwekundu wa Gusii una chuma kingi, na chuma hushika fosfeti kwa nguvu. Mkulima huijua tabia hiyo, kwani ndiyo inayomfanya aweke mbolea nyingi na mmea upate kidogo. Udongo huo ukisombwa, hufika ziwani ukiwa umeibeba fosfeti yake.

Maadamu maji ya chini yana oksijeni, chuma huendelea kuishikilia fosfeti na kuiweka salama katika tope. Oksijeni ikiisha kwa sababu ya mwani unaooza, chuma hubadilika umbo na kuiachilia. Haidrojeni salfaidi, japo ni kidogo, humkamata chuma huyo na kutengeneza tope jeusi, na hivyo humzuia asirudi kuishika fosfeti tena.

Fosfeti iliyoachiliwa hupanda na kulisha mchanuo mwingine. Mchanuo huo hufa, humaliza oksijeni, na mzunguko huanza upya. Ndiyo sababu ziwa laweza kuendelea kuchanua kwa miaka mingi hata mito ikisafishwa leo. Deni la jana limo topeni.

Fauka ya hayo, miji inakua. Kijito cha Nyakomisaro hupita katikati ya mji wa Kisii kikielekea Mto Riana, ambao humwaga maji yake Gucha. Taka na majitaka yanayoingia humo hubeba fosforasi na nitrojeni kama ifanyavyo mbolea.

Vinamasi vilivyokuwa vikichuja maji hayo navyo vimepungua. Sehemu za ardhi oevu kama Sironga, katika Nyamira, zimekabiliwa na kilimo, mikaratusi na uchimbaji wa udongo wa matofali. Kinamasi hupunguza kasi ya maji, huacha udongo utuame, na tope lake jeusi hushika salfa na fosforasi. Kikikaushwa, kazi hiyo huhamia ziwani.

Hata hivyo, si haki kumtwika mkulima wa Gusii mzigo wote. Tathmini zilizofanywa chini ya mradi wa usimamizi wa mazingira ya Ziwa Victoria, ulioanza mwaka 1997, zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa zima huletwa na mvua na vumbi kutoka angani. Mito ya Nyando, Yala na Nzoia nayo ina mchango wake, sawa na miji ya ufukweni yenyewe.

Madhara kwa binadamu

Gesi za salfa zenye harufu ya kabeji huwa katika kiwango kidogo mno kuweza kumdhuru mtu kwa kunywa maji. Kazi yao ni kama ya mbwa anayebweka: huonya kwamba kuna mwani unaooza, na mwani huo waweza kuwa na sumu isiyo na harufu wala ladha.

Sumu inayofahamika zaidi ni maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote. Tafiti kadhaa zimeipata sumu hii katika maji ya Winam, hasa karibu na Kisumu na katika ghuba ndogo zilizotulia.

Kuchemsha maji hakuiondoi. Huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini maikrosistini hustahimili joto, na seli za mwani zikipasuka huitoa zaidi majini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba samaki wadogo wanaoliwa wakiwa wazima, pamoja na matumbo yao, ni njia mojawapo ya sumu hiyo kumfikia mlaji. Hii haimaanishi kwamba omena waachwe, kwani ni chakula bora na cha bei nafuu kwa familia nyingi za nyanda za juu. Inamaanisha kwamba maji wanamovuliwa yanastahili kupimwa, na mlaji wa Keroka ana haki sawa na yule wa Dunga ya kujua matokeo.

Haidrojeni salfaidi ni hatari ya namna nyingine. Ikiwa kidogo hunuka. Ikizidi, hulemaza mishipa ya kunusia, na mtu hudhani imekwisha ilhali imeongezeka. Hatari hii ni ndogo ufukweni penye upepo, lakini ni kubwa katika mashimo ya majitaka na visima vilivyofungwa, hata vile vilivyoko mbali na ziwa.

Dalili na hatua

Anayeishi au kufanya kazi karibu na maji anaweza kuutambua mchanuo bila kifaa. Maji huwa na tabaka la kijani au la kijani-buluu linalopaka mkono kama rangi. Harufu ya nyasi mbichi huashiria mwani ulio hai, ile ya kabeji au mayai viza huashiria unaooza. Samaki wanaopanda juu alfajiri wakitweta huonyesha kwamba oksijeni imepungua usiku.

Maji kama hayo yasitekwe kwa kunywa wala kupikia, watoto wasiogelee humo, na mifugo izuiwe. Mwenye vizimba hupaswa kupunguza chakula anachowapa samaki, kwani mabaki yake huongeza uozo, na kuwavua mapema waliokomaa.

Huku juu milimani, hatua zenye manufaa ni zile ambazo maafisa wa kilimo wamezihimiza kwa miaka mingi. Kupima udongo kabla ya kununua mbolea, kutia chokaa udongo ulio na asidi ili fosfeti iliyomo ipatikane kwa mmea, kugawa mbolea kwa awamu, na kuifukia badala ya kuinyunyiza juu kabla ya mvua.

Mistari ya nyasi za nepia katika miteremko hukamata udongo na hapo hapo hulisha ng'ombe. Ukingo wa mto ukiachwa na mimea ya asili badala ya mikaratusi na mahindi, maji hufika mtoni yakiwa yamechujwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ubora wa maji zinazotekelezwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) tayari zinalinda kingo hizo na kukataza majitaka mabichi mitoni. Kinachohitajika ni utekelezaji.

Kaunti za Kisii na Nyamira kwa upande mmoja, na Homa Bay, Migori na Kisumu kwa upande mwingine, zina bajeti, magavana na mabunge tofauti. Mto Gucha na Mto Sondu havitambui mipaka hiyo. Kinachoteremka na mvua ya Aprili kutoka Kiabonyoru huenda kikarudi mlimani ndani ya gunia la omena.